Kitufe cha Theluji Katika Matope ya Rungwe

Katika Toyota nyingi za otomatiki zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma, Mark II na jamaa zake, pana kitufe kidogo karibu na mkono wa gia. Kimeandikwa "SNOW". Magari hayo yaliteremshwa bandarini Dar es Salaam yakitoka Japani, yakasafiri hadi Uyole, yakakunja kushoto, na sasa makazi yake ni Kiwira, Katumba na Tukuyu mjini, mahali pasipoanguka theluji. Madereva wengi hawakigusi kitufe hicho. Ukiwauliza sababu, watakujibu kwa upole kwamba hayo ni mambo ya Ulaya. Jibu hilo lina mantiki kamili, kwa kuwa wamesoma neno wakalielewa. Ninachodai mimi ni kwamba neno ndilo lililowapotosha, na kwamba mwenye kulisahihisha ni sisi tunaojiita watu wa lugha.

Tuanze na kazi ya kitufe chenyewe. Gari la otomatiki likiondoka huondoka kwa gia ya kwanza, nayo ndiyo yenye nguvu kubwa kuliko zote. Juu ya lami kavu nguvu hiyo ni neema. Juu ya ardhi inayoteleza gurudumu hupewa nguvu kuliko ile ambayo ardhi inaweza kuipokea. Basi huzunguka palepale, likachimba, likajizika. Kitufe kikibonyezwa, gari huondoka kwa gia ya pili, nguvu hufika taratibu, na tairi hupata wasaa wa kushika. Ni hayo tu. Hakuna kipimajoto ndani yake, wala hakiulizi kilichoanguka kutoka mbinguni ni kitu gani. Kinashughulika na utelezi, basi.

Utelezi, ndugu msomaji, Rungwe tunao wa kutosha. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, ikiwa miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kupita zote nchini. Mvua huanza Novemba, ikafikia ukali wake Machi na Aprili, na hata Juni, wakati wenzetu wa Dodoma wanapokula vumbi, sisi bado tunatembea ndani ya ukungu na manyunyu. Udongo wetu umetokana na volkano. Ndio unaotupa ndizi, chai na parachichi, na ndio huo ukilowa huwa kama sabuni iliyosahauliwa ndani ya beseni. Ukipanda Kitulo, kwenye mita 2,600 hivi, utakuta asubuhi za Juni na Julai majani yamefunikwa na jalidi. Huyo ndiye jamaa wa karibu wa theluji tuliye naye. Lakini gurudumu halichagui ukoo. Kwake matope ya Machi na theluji ya Hokkaido ni mtihani mmoja.

Mtihani huo huwa mgumu zaidi kwa magari yanayosukumwa kutoka nyuma, na hasa yale yaliyoundwa kwa ajili ya mbio. Vijana wanalipenda sana gari la Altezza, lililoanza kutengenezwa mwaka 1998. Jina lake ni la Kiitaliano, na maana yake ni kimo, au utukufu kama wa mwana wa mfalme. Utukufu huo huonekana vizuri kwenye lami ya Uyole. Kwenye barabara ya udongo baada ya mvua, uzito mkubwa uko mbele kwenye injini huku magurudumu yanayosukuma yako nyuma, mepesi, hayana kinachoyabana chini. Ndiyo maana utawaona watu wetu wakipakia mikungu ya ndizi kwenye buti, au wakimwomba abiria wa mbele ahamie nyuma. Hakuna aliyewafundisha darasani. Wameijua fizikia kwa miguu.

Machi ya mwaka juzi nilikuwa abiria katika Mark II ya namna hiyo, upande wa Mwakaleli, tukipandisha kilima kifupi chenye mashamba ya chai kushoto na mtaro mrefu kulia. Katikati ya kilima magurudumu ya nyuma yalianza kulia. Mkia ukaondoka taratibu kuelekea mtaroni, kama mzee anayejisogeza kwenye benchi. Nyuma alikaa mama mmoja na mtoto mgongoni. Hakusema neno, akafungua mlango kidogo ili awe tayari kuruka. Dereva, kijana makini, alizidi kukanyaga mafuta na mkia ulizidi kusogea. Nilimwuliza kile kitufe ni cha nini. "Hicho cha theluji, Mwalimu," akasema, "huku hakina kazi."

Tulishuka sote. Wapita njia wanne walikuja, wakatandika majani na mawe chini ya tairi, nasi tukasukuma. Kabla ya kuondoka nilimsihi akibonyeze, naye akanitii kwa heshima ya umri kuliko kwa imani. Gari liliondoka polepole, bila kulia, likapanda. Sitasema kwamba kitufe ndicho kilichotuokoa. Majani yalikuwapo, na mabega ya wale wanne yalikuwapo. Nasema kwamba kifaa kilichotengenezwa kwa ajili ya hali ileile tuliyokuwamo kilikuwa umbali wa kidole kimoja, nacho kilikaa bure kwa sababu ya herufi nne.

Atatokea mtu aseme dawa ni kutafsiri. Kweli, lakini kutafsiri vipi? Nimewahi kuonyeshwa karatasi ya maelekezo ya gari iliyoandikwa kwa Kiswahili na mtu aliyelipwa kwa kazi hiyo. Kwenye kitufe chetu aliandika: "Tumia wakati wa theluji." Hakuna mwalimu atakayemkosoa kwa neno hata moja. Sarufi ni safi, msamiati umo katika kamusi, na karatasi nzima haina faida kwa mtu yeyote anayeishi kati ya Isyonje na Kasumulu. Mfasiri alilihamisha neno, kazi ya neno akaiacha Japani. Washairi wanaijua dhambi hii, kwa kuwa wao hukutana nayo kila wanapoona beti zimehamishwa kutoka lugha nyingine pamoja na maua yake yasiyoota kwetu.

Hapa ninamkumbuka mtu ambaye historia haikutuhifadhia jina lake katika simulizi inayojulikana sana. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, akiwa safarini kuelekea Uchaga, aliona weupe juu ya Kilimanjaro. Akamwuliza kiongozi wake wa msafara ule weupe ni nini. Kiongozi akamjibu kwa neno moja: baridi. Rebmann aliamua kuwa ni theluji, akaandika hivyo, na wajuzi wa London wakiongozwa na William Desborough Cooley wakambishia kwa miaka mingi kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Kila mtu humtaja Rebmann kwa kuwa alisema kweli. Mimi namheshimu zaidi yule kiongozi. Lugha ya pwani ilikuwa na uwezo wa kulipokea neno theluji kutoka Kiarabu, na ililipokea. Lakini yeye alikitaja kitu kwa kile kinachomfanyia binadamu anayekikaribia. Msafiri akiambiwa "baridi" anajua achukue blanketi. Akiambiwa "theluji", na hajapata kuiona, anajua nini?

Wachoraji wa alama za barabarani walilifahamu jambo hili. Itazame ile ya pembetatu yenye gari dogo na mistari miwili iliyojikunja nyuma yake. Haisemi kama barabara ina matope, mafuta yaliyomwagika, au maji ya mvua. Inasema gari lako litateleza, nawe unapunguza mwendo.

Kwa hiyo neno la kitufe ni UTELEZI. Silitoi kama ubunifu wangu, kwa sababu liko vinywani mwa watu kila siku ya masika. Mwanamke anayetoka kisimani hulitumia, na kondakta pia. Tena halikai peke yake. Kiswahili kina ghala zima la maneno kuhusu mguu kuikosa ardhi, na yote yana mipaka yake. Kuteleza ni kupoteza mshiko, hata kwa nukta moja. Kuserereka ni kuendelea kwenda baada ya mshiko kupotea, hasa kwenye mteremko. Kuyumba ni kwenda huku na huku ukiwa bado njiani. Wakati mbele ya gari inakwenda moja kwa moja ingawa umekata usukani, dereva wetu husema gari limekataa kona. Wakati nyuma inatoka na kutaka kuitangulia mbele, husema mkia umetoka. Wahandisi hutumia istilahi nzito kwa hali hizo mbili. Hizi zetu zinatosha na kubaki. Hata methali ipo, ya kwamba kuteleza si kuanguka, na sijui kama kuna mwalimu wa udereva aliyepata kutambua kuwa hilo ni somo la usukani kabla ya kuwa faraja ya walioshindwa.

Kwa maneno hayohayo mtu anaweza kufundishwa yote ya lazima bila kukopa hata silabi. Mkia ukitoka upande wa kulia, kata usukani kulia. Ukitoka kushoto, kata kushoto. Ondoa mguu kwenye mafuta kwa utaratibu. Usipige breki kwa pupa. Ukiteremka kwenye utelezi, usipangue gia kwa ghafla, maana magurudumu ya nyuma yakishikwa na injini kwa kishindo nayo huserereka. Tairi kipara haina dawa, wala kitufe chochote hakiioteshi meno. Na kitufe hiki kinahusu kuondoka na kupanda taratibu: hakifupishi umbali wa kusimama, hakimsaidii anayekimbilia Kyela kwa mwendo wa harusi, na ukishafika kwenye lami kavu ukizime.

Najua pingamizi moja lenye uzito. Mwenzangu mmoja, mfasiri wa siku nyingi, aliniambia: "Ukianza kubadili theluji kuwa utelezi, kesho utabadili nini? Mfasiri si mhandisi." Namjibu kwamba katika shairi sitathubutu. Mshairi akiweka theluji, iache theluji, msomaji wa Tukuyu ataisafiria kwa fikra. Kitufe hakina fikra za kusafiria. Kina sekunde tatu, mtaro upande wa kulia, na mama aliyefungua mlango nusu. Aina mbili za maandishi zina amana mbili, na BAKITA, ambao kazi ya istilahi wameibeba tangu mwaka 1967, wangetusaidia sana wakituwekea orodha fupi ya maneno ya dashibodi yaliyofasiriwa kwa kazi yake. Magari yenyewe hayatatungoja. Mengine kila asubuhi humsalimu mwenyewe kwa sauti ya kike ya Kijapani, ikimkumbusha kadi ya malipo ya barabara za huko, naye humjibu "marahaba" akaendelea na safari.

Wakati orodha hiyo ikisubiriwa, mafundi wa stika walioko kwenye stendi wanaweza kuanza. Nimeulizia, wana rangi nyeupe na nyeusi. Tatizo ni upana wa kitufe, kwani UTELEZI lina herufi saba mahali palipokuwa na nne. Kijana wa stika alipendekeza tufupishe, tuandike TELEZA. Nilimwomba asifanye hivyo. Hiyo ni amri, na gari lisije likatii.