Saladi ya Mahindi Yaliyopita Chokaani

Katika siku za kaskazi, jua linapokuwa utosini na mtu hana hamu ya kukaa mbele ya jiko, bakuli la homini na mboga mbichi ni chakula chenye heshima kamili, wala sikubaliani na wanaolidhania kuwa chakula cha wavivu kwa sababu tu halikuguswa na moto siku ile. Moto wake ulikwisha kuwaka zamani.

Homini ni mahindi makavu yaliyochemshwa katika maji ya chokaa au majivu mpaka ganda likalegea na kuvuka, kisha yakaoshwa, na punje ikavimba ikawa nene na laini. Wenyeji wa Meksiko, ambao wahenga wao waliijua kazi hiyo karne nyingi kabla ya Wahispania kutia nanga, huyaita nixtamal, jina la Kinahuatl lililobeba ndani yake neno la majivu. Na Marekani huuzwa makoponi yamekwisha iva.

Faida yake si ulaini peke yake. Chokaa huifungua niasini, vitamini ambayo katika punje kavu imefungamana hata mwili hauifaidi. Na Wazungu, walipoichukua mbegu wakaiacha elimu yake, waliandamwa na pelagra, maradhi ambayo tabibu Gaspar Casal aliyaona Asturias mwaka 1735, yenye kuchubua ngozi, kuharisha, kuvuruga akili na hatimaye kuua. Mwaka 1915 Dkt. Joseph Goldberger aliwalisha wafungwa wa Mississippi, waliojitolea kwa ahadi ya msamaha, chakula duni cha mahindi, akathibitisha kuwa asili ya maradhi hayo ni chakula. Sisi nasi tulipokea mahindi pasipo chokaa yake, ilhali chokaa yenyewe tulikuwa nayo katika vijaluba vya tambuu! Aghalabu kilichotusitiri ni maharage na kunde za makande. Na wakimbizi wa Msumbiji nchini Malawi, walipokatikiwa na mgawo wa karanga, walipatwa na pelagra kwa maelfu mwaka 1990.

Kopo nililofungua Ijumaa nililetewa na shemeji yangu kutoka Houston. Niliyasuuza mahindi mara mbili ili yatokwe na utelezi wa kopo, nikayachuja, nikayakamulia ndimu mbili na kuyaacha robo saa peke yake, kwani punje ya homini hunywa ukali polepole, na ukitangulia kutia nyanya, maji yake huizimua ndimu kabla haijapenya. Baadaye nilitia kitunguu kilichokatwa chembamba na kufikichwa kwa chumvi, tango, pilipili hoho, nyanya zilizotolewa mbegu, na giligilani tele. Parachichi likawa la mwisho, lisije likapondeka. Mama mkubwa, asiyependa chakula baridi, alitafuna kimya, kisha akasogeza sahani apakuliwe tena.

Kwa hiyo nawasihi wenye kukoboa mahindi ya makande katika masoko yetu wajaribu pishi moja kwa njia hii, wakitumia chokaa safi ya kuliwa, si ya kupaka kuta, gramu 10 hadi 20 kwa kila kilo, na kuyaosha mahindi mpaka maji yatoke meupe. Wanunuzi watapatikana, nami nitakuwa wa kwanza mlangoni.