Watu Wazima Wapimwe Kabla ya Kuchanjwa

Na Mshai Mwanyumba

Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya homa ya ini aina ya B mwaka 2001, kwa sindano ya pamoja inayotolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Kwa hiyo wakazi wa Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta waliozaliwa kabla ya mwaka huo walikua bila kinga hiyo, na wanaochanjwa ukubwani, wakiwemo wauguzi, wahudumu wa maabara na wafagiaji wa wodi, huipata baada ya miaka mingi ambayo huenda walikwisha kukutana na virusi.

Chanjo hii huzuia maambukizi mapya, na katika kazi hiyo haina mshindani, lakini haiviondoi virusi vilivyokwisha kujificha ndani ya seli za ini. Takriban watoto 9 kati ya 10 wanaoambukizwa wakati wa kuzaliwa au uchangani hubaki na virusi hivyo maishani, na wengi hufikia utu uzima bila dalili yoyote.

Kipimo cha haraka cha virusi hivyo hakimalizi shaka. Tone la damu hudondoshwa kwenye kifaa chenye ukanda mwembamba, na baada ya muda wa robo saa hivi mstari mmoja humaanisha kwamba antijeni ya uso, yaani protini ya gamba la kirusi, haikuonekana. Hata hivyo, kuna maambukizi yaliyofichika, ambayo antijeni hiyo haionekani ilhali vinasaba vya kirusi vimo kwenye ini, na mara nyingine kwenye damu kwa kiasi kidogo sana. Hali hiyo yaweza kuwepo hata kwa mtu mwenye kingamwili za kutosha baada ya dozi zote 3.

Njia ya kuwatambua wengi wenye maambukizi hayo ipo. Kwa kuwa chanjo imetengenezwa kwa protini ya uso peke yake, mwili wa aliyechanjwa tu hauwezi kuunda kingamwili dhidi ya kiini cha kirusi. Zikipatikana, ni ishara kwamba mhusika aliwahi kukutana na kirusi chenyewe. Kipimo cha kingamwili hizo hakimnasi kila mtu, na kuthibitisha kunahitaji kupima vinasaba, lakini humpa daktari tahadhari ya mapema.

Wengi wenye hali hii hawatadhurika. Hatari huja kinga ya mwili inaposhuka, kwa mfano mgonjwa anapotibiwa saratani kwa dawa kama rituximab, ambapo virusi vyaweza kuamka na kuliharibu ini kwa kasi. Hatari nyingine ni damu inayotolewa kwa mgonjwa, kwani kipimo cha antijeni pekee chaweza kuipitisha.

Voi ina Hospitali ya Rufaa ya Moi, inayohudumia kaunti nzima. Serikali ya Kaunti ya Taita Taveta inapaswa kutenga fedha ili watu wazima, wakianza wahudumu wa afya, wapimwe antijeni ya uso pamoja na kingamwili za kiini kabla ya dozi ya kwanza. Naye aliyekwisha kuchanjwa asiione kadi yake kuwa cheti cha kutokuwa na virusi. Aombe kupimwa, na amweleze daktari majibu yake kabla ya kuanza tiba yoyote inayopunguza kinga.