Fundi, Weka Drili Chini!

Jumamosi iliyopita asubuhi nilikuwa nimeketi kibarazani kwangu hapa Mariakani, chai na mahamri mbele yangu, malori yakijikokota kuelekea mizani kama ilivyo desturi yao, simu ikalia. Alikuwa mpwa wangu, mwalimu wa shule ya msingi upande wa Kaloleni, ambaye amechukua mkopo wa sako akanunua gari dogo la mtumba kutoka Japani.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mama. Gari limefika?”

“Limefika, na namba pleti nimezipata. Niko hapa kwa fundi karibu na steji. Ataka kutoboa bampa aweke pleti ya mbele. Asema ni kazi ya dakika tano, shilingi mia mbili tu.”

“Mwambie aweke drili chini. Nakuja.”

Huenda msomaji ukauliza: mzee mzima anaachaje chai yake ikipoa kwa ajili ya matundu mawili ya bampa? Basi nikueleze yaliyonipata. Gari langu la kwanza nililipeleka kwa fundi mmoja, simtaji, naye akaliendea bampa kwa drili kama mtu anayetoboa mlango wa banda la kuku. Bampa ni plastiki, haina ubishi. Drili ilizama ghafla, na nyuma yake pakatoka sauti, “sssss!” Ilikuwa ni gesi ya AC. Mbele ya rejeta ya maji hukaa rejeta nyingine nyembamba ya AC, na ncha ya drili ilikuwa imeifikia. Kazi ya dakika tano ikanilaza gereji siku nne.

Wala hayakuishia hapo. Skrubu zilizofungwa kwenye plastiki tupu hazina cha kushika. Kila tuta la barabarani hulegeza kidogo, na kila dimbwi hupiga pleti kwa nguvu. Msimu wa masika nilivuka maji yaliyotanda barabarani, nikafika ng'ambo nikidhani mambo ni shwari. Nyumbani ndipo mwanangu aliponiuliza, “Baba, nambari ya mbele iko wapi?” Nilirudi nikapapasa matopeni mpaka giza likaingia, sikuipata. Nikaenda kituo cha polisi kuandikisha abstrakti, kisha nikaanza safari ya kuomba pleti nyingine. Kwa miezi kadhaa sikulala vyema, nikiwaza kwamba labda kuna mtu ameiokota na kuibandika kwenye gari lake, na siku moja nitaulizwa habari za safari nisiyoisafiri.

Kwa hiyo nilivaa viatu nikaenda.

Nilimkuta fundi kijana mwenye heshima zake, drili ameishika lakini hajaiwasha. Mpwa wangu amesimama mbele ya gari kama kipa golini. Nikamwuliza fundi, “Kabla hujatoboa, umetazama kama hapana matundu?” Akasema yapo mawili, lakini hayalingani na pleti zetu. Alisema kweli kabisa, na hapo ndipo penye kiini cha jambo lenyewe.

Gari la Japani haliji bila matundu. Sheria ya kwao hutaka pleti mbele na nyuma, kama yetu. Gari linapofutwa kwenye daftari la Japani ili lisafirishwe nje, pleti zake hurudishwa serikalini, na gari hupanda meli likiwa uchi. Lakini mahali pa kufungia hubaki palepale. Tatizo ni vipimo. Pleti ya kawaida ya Kijapani ina upana wa milimita 330 na kimo cha milimita 165, yaani fupi na nene, na matundu yake mawili yamepishana milimita 210. Pleti yetu ya mbele aghalabu ni ndefu na nyembamba, karibu nusu mita. Ukiifunga kwa matundu mawili ya katikati, kila upande hubaki karibu sentimita 15 zikining'inia bila mshikizo. Ncha hizo hutikisika, hugonga bampa, hukwaruza rangi, na mwishowe bati hupinda au kupasuka penye bolti. Fundi anaona hilo, naye kwa nia njema anakimbilia drili ili atoboe karibu na ncha.

Dawa si kutoboa gari. Dawa ni kuweka kiungo baina ya gari na pleti.

Tulituma kijana dukani akaleta ukanda wa alumini, unene wa milimita tatu hivi, upana wa vidole viwili, tukaukata kwa msumeno wa chuma ulingane na urefu wa pleti. Ncha zake tukazipiga tupa zisije zikamkata mtu. Kisha tukapima kwa rula palepale kwenye bampa. Usiamini hata nambari nilizokuandikia hapo juu, pima gari lako mwenyewe, kwani bampa nyingine ziliwahi kubadilishwa njiani. Drili ikapata kazi yake hatimaye, lakini juu ya ukanda, chini, mbali na gari. Matundu mawili katikati yalilingana na yale ya bampa, na mengine mawili kuelekea ncha yalilingana na yale ya pleti. Pleti yenyewe hatukuigusa kwa drili. Pleti mpya zilizozinduliwa Agosti 2022 zina bendera na alama za usalama, na sioni busara ya kuzitoboatoboa ovyo. Ada ya kubadilisha pleti ilipotangazwa wakati huo ilikuwa shilingi 3,000.

Bolti zinazoingia kwenye matundu ya Kijapani ni za milimita sita, zile zinazofunguliwa kwa spana namba kumi. Tulipojaribu ya kwanza, ikagoma. Kutu! Gari limevuka bahari, na bandarini pia hewa ni ya chumvi. Fundi alitaka kulazimisha, nikamsihi anyunyizie mafuta ya kulegeza kutu na tungoje robo saa. Nati ya ndani mara nyingi imeshikwa na plastiki tu. Ukilazimisha, huanza kuzunguka pamoja na bolti, na hapo itabidi bampa lote lishuke. Tukanywa soda. Baadaye bolti ikaingia kwa vidole, bila spana.

Nunua bolti za chuma kisichoshika kutu, nasi watu wa pwani zaidi ya wengine. Bei yake ni kubwa kidogo, lakini bolti ya kawaida hapa kwetu hubadilika rangi kabla hujamaliza mwaka. Baina ya bolti na bati la pleti weka washa ya plastiki, kwa sababu vyuma viwili tofauti vikigusana penye maji ya chumvi, kimoja hula kingine. Na nyuma ya ukanda tulibandika vipande vya tyubu kuukuu ya baiskeli. Hiyo ndiyo sehemu niipendayo zaidi katika kazi nzima. Haigharimu kitu, nayo huzuia kelele na mikwaruzo yote. Bampa likiwa la mviringo, ongeza tyubu pale penye pengo, usiipinde pleti ifuate bampa.

Kaza bolti mpaka uhisi zimeshika, kisha robo mzunguko zaidi. Basi.

Mpwa wangu aliuliza swali ambalo wengi huuliza: kwa nini tusiifunge tu kwa waya kwenye grili, kama wafanyavyo baadhi ya watu? Nilimwambia sababu mbili. Kwanza, grili ni pua ya gari. Ukiiziba, injini hupumua kwa shida, nawe kila unaporudi kutoka Mombasa una mlima wa Mazeras wa kupanda. Pili, waya wa plastiki hukatwa kwa wembe na mwizi katika nukta moja. Wengine huiweka pleti juu ya dashibodi nyuma ya kioo. Hao wanajitafutia makuu. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, yataka pleti ifungwe kwenye gari kwa namna iliyoagizwa, na kanuni za mwaka 2016 za makosa madogo ya barabarani ziliweka faini ya shilingi 10,000 kwa kuendesha bila pleti au kwa pleti isiyofungwa inavyotakiwa. Linganisha na ukanda wa alumini.

Je, na mwenye gari lililotoka Uingereza au lililotengenezwa Ulaya? Huyo mara nyingine hukuta bampa laini kabisa, kwa kuwa Waingereza wengi hubandika pleti zao kwa utepe wenye gundi pande zote mbili. Nawe waweza, iwapo bampa lina sehemu bapa. Safisha kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe, kandamiza kwa nguvu, na usilioshe gari kwa siku tatu, maana gundi ya aina hiyo huchukua takriban muda huo kushika sawasawa. Mimi binafsi siuamini utepe peke yake kwa jua letu. Afadhali utumie tundu la ndoano ya kuvutia gari. Tazama kwenye bampa, utaona kifuniko kidogo cha plastiki. Nyuma yake mna tundu lenye hesi lililoshikamana na chuma cha mwili wa gari. Kuna vishikio vinavyouzwa ambavyo huingia humo na kuishika pleti, ingawa itakaa upande badala ya katikati. Jihadhari tu: baadhi ya magari, yakiwemo ya Volkswagen, hesi zake hukazwa kwa kuzungusha kushoto. Ukizungusha kulia kwa mazoea utashinda hapo mpaka jioni. Na kama gari ni la miaka ya karibuni lenye rada ya kupima umbali wa gari lililo mbele, tafuta kwanza rada hiyo iko wapi, mara nyingi ni nyuma ya nembo au ndani ya grili, usije ukaifunika.

Turudi steji. Kazi yetu ilichukua saa moja na nusu pamoja na soda. Fundi alitoza mia tatu badala ya mia mbili, na alumini, bolti na washa tukalipia mbali. Mpwa wangu alitoa pesa bila kunung'unika, nami najua sababu yake. Mkopo ule una wadhamini watatu, mmoja wao ni mamake. Mambo yakienda mrama na ikambidi auze gari, mnunuzi atakapoifungua ile pleti atakuta matundu mawili ya kiwandani, hakuna jingine.

Fundi aliniomba kile kipande cha ukanda kilichobaki. Nilidhani anataka kukiuza. Kumbe amekichora alama za matundu kwa msumari, akakitundika ukutani juu ya benchi lake.

Nilirudi nyumbani nikakuta mahamri yameliwa.

Jumapili ijayo: taa za mbele zilizofifia na kuwa za manjano, na kama kweli dawa ya meno huzisafisha.