Maji ndani ya ordinatere



Jumapili iliyopita, tulipomaliza kugawa feza ya likelemba, mama mmoja alinivuta pembeni akanionyesha ujumbe katika telefone yake. Mtoto wake wa tatu yuko Butembo. Ana sekretariati ndogo: anaandika barua za watu, anatoa fotokopi, na mwisho wa juma anatengeneza video za ndoa. Alikuwa anaomba dolari 95 "za kutia maji katika ordinatere". Mama akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, wewe umesoma. Nani anatia maji katika mashini ya umeme? Huyu mtoto si anataka kunila feza ya kakao?"

Mimi nilicheka. Yeye hakucheka, na alikuwa na haki. Kakao ya dolari 95 imechumwa, imepasuliwa, imefunikwa majani siku kadhaa, imeanikwa, na kila wingu lilipotokea imekimbizwa ndani. Feza kama hiyo haitoki kwa neno ambalo mwenyewe halielewi. Nikamwomba anipe wiki moja, nimpigie mtoto telefone kisha nijibu hapa, maana najua vijana wetu wengi wanaunganisha ordinatere zao wenyewe kwa vipande vya kununua, na mama wengi wanaombwa feza.

Kwanza nimtoe mtoto hatiani. Hakudanganya. Jambo hilo lipo, na halina uchawi.

Ordinatere, ile wenzetu wa ng'ambo ya Lamia wanayoita kompyuta, ina kipande kimoja kinachofanya hesabu zote. Kinaitwa prosesa. Kinakaa juu ya ubao ambao mafundi wanauita kadi mama, kwa sababu vipande vingine vyote vinashikamana nao (hapo mafundi walifikiri vizuri). Prosesa haizidi ukubwa wa sanduku la kiberiti, lakini katika ordinatere nyingi za mezani inakula wati 65, na zile za kazi nzito zinapita 125. Umeme huo karibu wote unageuka kuwa joto. Mnakumbuka ampuli za zamani za wati 60? Nani aliweza kuishika mkononi ikiwa inawaka? Sasa chukua joto hilo lote ulikusanye mahali padogo kuliko kiganja cha mtoto mchanga. Lisipoondolewa, prosesa ikikaribia digri 100 inapunguza mwendo yenyewe, na likizidi mashini inajizima ili isiungue.

Njia ya kawaida ya kuliondoa tunaiona kila siku barabarani. Tazama injini ya pikipiki ya TVS au Boxer: ina majani mengi membamba ya chuma. Joto linaenea katika majani hayo na upepo wa safari unalichukua. Ndani ya ordinatere ni vilevile: juu ya prosesa kuna chuma chenye majani, na kwa sababu mashini haisafiri, tunaiwekea feni ya kuleta upepo. Ile sauti ya "vuuu" mnayoisikia katika sekretariati ni feni hiyo.

Lakini Fuso linalokuja kutoka Beni kwa barabara ya Mbau halipozwi hivyo. Lina radiatere na maji. Pompa inasukuma maji yanapita kwenye injini, yanabeba joto, yanakwenda kulitoa mbele penye upepo, yanarudi. Hicho ndicho mtoto alichotaka kununua: sahani ndogo ya shaba ya kukaa juu ya prosesa, mipira miwili, pompa ndogo kama ngumi, na radiatere ya kufunga ukutani mwa kasha. Mara nyingi kifaa kinatoka kiwandani kimejazwa na kufungwa kabisa, na maji yake yamechanganywa na dawa ya kuzuia kutu, karibu kama yale ya gari. Mtu hachoti ndoo mtoni akamimina! Maji ya mto yana chumvi za ardhi. Yanapitisha umeme na yanaacha magamba katika njia nyembamba.

Faida yake ni ya kweli. Ukichukua maji na hewa kwa kipimo kimoja, sema lita kwa lita, maji yanabeba joto mara zaidi ya 3,000. Na radiatere ni pana kuliko chuma kidogo cha juu ya prosesa, kwa hiyo feni zake zinaweza kuzunguka polepole. Feni ikizunguka polepole, kelele inashuka sana. Wakubwa walitumia njia hii zamani. Mwaka 1985 Wamarekani walitoa mashini kubwa ya hesabu iliyoitwa Cray-2, na vipande vyake vyote vilizamishwa ndani ya maji maalumu yasiyopitisha umeme. Mwaka 2004 kampuni ya Apple iliuza ordinatere ya mezani, Power Mac G5, yenye kupozwa kwa maji. Baadhi yake baada ya miaka zilivuja, na vya ndani vikaharibika.

Sasa nifike mahali ambapo vijana wanajidanganya, na ambapo hata wanafunzi wangu huwa wanakosea. Wanafikiri maji yanaleta baridi. Mtungi wa udongo unapoza maji kuliko hewa ya nyumba kwa sababu unatoa jasho: maji yanapenya kidogo kidogo, yanakauka nje, na yakikauka yanachukua joto. Maji ya ordinatere yamefungwa. Hayatoi jasho. Kwa hiyo hayawezi kuwa baridi kuliko hewa ya chumba hata siku moja. Yanahamisha joto tu, kutoka kwenye prosesa hadi kwenye radiatere, na kutoka hapo linaingia katika chumba kilekile ulichokaa. Butembo iko juu, zaidi ya metre 1,700, na chumba cha kule kinaweza kuwa na digri 20. Sisi huku chini katika bonde la Semliki, darasa langu mchana linafika 32. Zile digri 12 za tofauti prosesa inazibeba zote, awe ametia maji au hakutia.

Na kelele haiishi yote. Radiatere ina feni, pompa nayo ina mlio wake. Mbaya zaidi, pompa ikifa, maji yanasimama, na baada ya muda mfupi mashini inajizima. Feni ikifa juu ya chuma kikubwa, bado unaweza kumalizia barua yako taratibu, na feni nyingine unaipata sokoni kwa bei ndogo. Pompa ya kifaa kilichofungwa hainunuliwi peke yake. Unanunua kifaa kizima tena. Hata kule Luviro, katika teritware ya Lubero, ambako Hifadhi ya Virunga mwaka 2020 ilianza kutumia umeme wa maporomoko kuendesha mashini za bitcoin ndani ya kontena, walipoza kwa feni na hewa. Kelele yake haikuwa ya kulalia, lakini ndani ya kontena hakukuwa na mtoto mchanga.

Mtanisamehe nikisema neno juu ya kelele, maana wengine watauliza kwa nini mtu alipe feza kwa ajili ya ukimya tu.

Ordinatere yangu ya kwanza mdogo wangu aliiunganisha kwa vipande alivyonunua Beni, vingine vilikwisha kutumika. Ilikuwa inalia kama kinu cha mihogo. Mwisho wa trimesta nilikuwa ninaingiza pointi za darasa la sita usiku, watoto wamelala. Na usiku hapa Kamango si wa kuziba masikio. Tangu Julai 2013, tulipovuka Lamia kwenda Bundibugyo na watoto mgongoni, mimi siwezi kukaa katika nyumba ambayo simsikii mbwa wa jirani. Kila nusu saa nilikuwa ninazima mashini ili nisikilize nje, kisha ninaiwasha tena. Nikachoka. Nikachukua kitenge, nikakikunja mara mbili, nikaifunika. Kweli, kelele ilishuka. Nikafurahia akili yangu. Baada ya dakika ishirini hivi kioo kikawa cheusi, na pointi za watoto 38 zikaenda, kwa sababu sikuwa nimehifadhi. Nilikesha ninaziandika upya, na wawili niliwapa pointi ambazo si zao. Wazazi wao walikuja kunisahihisha, nami niliwaomba radhi.

Kitenge ni cha kufunika mashini iliyozimwa, kuzuia vumbi. Ikiwa inafanya kazi, iache ipumue.

Kesho yake mdogo wangu aliifungua. Katikati ya majani ya chuma vumbi lilikuwa limeshikana kama blanketi, na mende mmoja aliyekufa. Chini ya chuma, ile pate nyeupe ya kupitisha joto, inayokaa kati ya chuma na prosesa, ilikuwa imekauka ikapasuka. Alisafisha, akapaka pate mpya kidogo kama punje ya mchele, akarudisha. Kelele ilipungua zaidi ya nusu, na hatukununua kitu isipokuwa pate. Baadaye niliuza kasha lile nikachukua laptopu iliyotumika, kwa sababu ya hesabu ya batri. Batri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, na ukitaka idumu utumie nusu tu, yaani 600. Kasha na kioo chake vilikuwa vinakula wati 120: ni saa 5. Laptopu inakula 30: ni saa 20. Umeme usioingia hauleti joto, na joto lisilokuwepo halihitaji feni. Kwetu sisi tunaoishi kwa pano za jua, sijaona njia ya ukimya inayopita hiyo.

Lakini mtoto wa Butembo hawezi kufanya video za ndoa kwa laptopu kama yangu. Nilimpigia. Aliniambia, "Mama mwalimu, mtoto wetu ana miezi minne, na mashini iko upande wa pili wa pazia." Umeme anaupata vizuri usiku, basi video anazitengeneza usiku, prosesa inakimbia saa tatu au nne bila kupumzika, mtoto analia, mke analia, na mwenye nyumba anagonga ukuta. Nikaona shida yake si ya kuchekwa.

Nilimuuliza maswali matatu. Ulisafisha lini? Tangu anunue, hajawahi. Feni ni ya ukubwa gani? Ile ndogo iliyokuja na prosesa. Na inalia hata ukiandika barua tu? Ndiyo, hata barua. Jibu hili la tatu ndilo lililonipa mwanga. Barua ni kazi nyepesi sana kwa prosesa. Mashini inayolia kwa barua ina vumbi au pate iliyokauka, na ukiiwekea maji ya dolari 95 utakuwa umeruka kidonda ukafunga kitambaa pembeni.

Jumanne alifungua. Jioni akanipigia bila kusema, akaniwekea telefone karibu na kasha niisikilize wakati anaandika barua. Sikusikia kitu. Kwa video bado ilikuwa inalia, ila kidogo. Fundi wa karibu yake alikuwa na chuma kikubwa chenye feni ya milimetre 120, dolari 22. Feni pana ikizunguka polepole inaleta upepo sawa na ndogo inayokimbia, bila kupiga filimbi. Kifaa cha maji kingeweza kumtuliza zaidi kwa zile saa nne za video, hilo sikumficha. Yeye mwenyewe alisema atakifikiria siku atakapoona pompa na vifaa vyake vinauzwa Butembo na si kuagizwa mbali.

Nilimpelekea mama habari hiyo. Akahesabu kwa vidole, akasema atatuma 25, tatu za juu ni za sabuni ya mtoto mchanga, na 70 zinabaki kwa bati za jikoni. Kisha akaniuliza kama vumbi la namna hiyo liko pia katika ordinatere ya chama chetu, ile ya ofisini. Sijui. Haijafunguliwa tangu tuipokee.

Basi Jumamosi saa nane nitaifungua mbele ya anayetaka kuona. Nina brashi laini, bisibisi na pate ya kutosha mashini tatu. Ukileta yako, izime kwanza na uchomoe waya nyumbani. Tutafanyia kazi nje, chini ya mwembe, kwa sababu ya vumbi. Feni tutaishika kwa kidole tukipuliza, isizunguke ovyo, na hatutapuliza kwa mdomo, mate hayafai. Lile sanduku la chuma linalopokea umeme nyuma ya kasha hatutaligusa ndani, hata kama mtoto wako anasema anajua: linaweza kushika umeme hata baada ya kuchomoliwa. Watoto waje, lakini mende wasiwaletee kuku wangu.