Adui akishikwa, tumwite nani?

Niko likizo nyumbani Igamba, mchana tunachuma kahawa, jioni stori barazani kwa babu. Juzi tukafika kwenye Guantanamo, basi moto ukawaka. Mjomba akasema gaidi akishikwa amalizwe hapohapo, kesi ya nini? Mjomba ana uchungu wake: 7 Agosti 1998 alikuwa Dar anauza mitumba, na mshindo wa ubalozi wa Marekani aliusikia kwa masikio yake. Watu 11 walikufa pale, na Nairobi zaidi ya 200.

Nikajifanya mwanasheria wa mwaka wa pili, babu akanikata. Yeye alipigana vita ya Kagera, 1978 hadi 1979. Akasema, "Adui akishaweka bunduki chini, huyo ni mateka. Unampa maji, vita ikiisha anarudi kwao." Babu hajasoma Mkataba wa Geneva wa 1949, lakini ndicho unachosema. Mateka wa vita haadhibiwi kwa kupigana tu. Kama kaua raia, hapo anashtakiwa.

Sasa mcheki Ahmed Khalfan Ghailani, Mzanzibari aliyetuhumiwa kwa milipuko hiyohiyo. Alikamatwa Pakistan mwaka 2004. Marekani wakamwita "mpiganaji adui", jina la katikati: haki za mateka hapati, mahakama haioni. Akafichwa miaka miwili kwenye magereza ya siri ya CIA, akapelekwa Guantanamo 2006, na New York akafikishwa 2009.

Kilichofuata ni somo zuri sana. Jaji Lewis Kaplan alimkataa shahidi muhimu, Mtanzania aliyedaiwa kumuuzia baruti, kwa sababu serikali ilimpata kupitia maneno ambayo Ghailani alilazimishwa kuyatoa. Novemba 2010 akaachiwa mashtaka zaidi ya 280, akakutwa na hatia kwa moja tu. Watu wakapiga kelele kwamba mahakama za kiraia hazifai. Jamani! Kilichoharibu ushahidi ni gereza la siri, si mahakama. Na hilo shtaka moja lilimpa kifungo cha maisha, Januari 2011.

Mtanzania mwingine wa mlipuko wa Dar, Khalfan Khamis Mohamed, alikamatwa Cape Town mwaka 1999. Akapelekwa mahakama ya kawaida New York, na 2001 akapata kifungo cha maisha. Kwa upande mwingine, Khalid Sheikh Mohammed alishtakiwa mbele ya tume ya kijeshi Guantanamo mwaka 2008, na ilipofika 2025 hukumu ilikuwa bado. Sasa nani ana mchezo na magaidi hapo?

Kinachonikera zaidi ni hiki: Kaplan aliandika kwamba hata Ghailani akishinda kesi, huenda angeendelea kushikiliwa mpaka vita iishe. Vita dhidi ya ugaidi inaisha siku gani? Ya babu iliisha, watu wakarudi kwao.

Msimamo wangu: mtu ni mateka, au ni mshtakiwa. Hakuna chumba cha tatu. Siwaonei huruma wauaji. Nawafikiria wale 11 wa Dar, ambao ndugu zao walistahili kesi safi, isiyo na doa.

Mjomba akanyamaza kidogo, akasema, "Haya, afungwe. Lakini mapema, siyo baada ya miaka kumi na mbili." Hapo sikuwa na ubishi.

Mnasemaje wandugu? Tukutane chuo kikifunguliwa.