Mzee aingie kasho juu ya karte?

Wandugu vijana wa Kasongo na Kabambare, tuseme mzee amevuka ziwa Tanganyika kuona wajukuu wake Nyarugusu, kambi ya Tanzania inayopokea wakimbizi wa kwetu tangu 1996. Akirudi, kwenye barieri wanamuomba karte ya electeur. Hana, ilipotea njiani. Basi anaitwa mgeni, anaingizwa kasho, na familia inaambiwa ilete makuta.

Mgeni namna gani? Sheria ya uraia ya 12 Novemba 2004 inasema Mukongomani wa asili ni mtu wa makabila yaliyokuwa kwenye udongo huu wakati wa uhuru. Karte ni ya kupigia kura, haileti uraia. Na mzee aliyezaliwa mbele ya 1960 anapita hii Jamhuri kwa umri!

Katiba, kifungu cha 18: polisi haiwezi kumushika mtu kupita masaa 48 bila kumufikisha mbele ya sheria. Cha 19 kinamupa haki ya avoka tangu polisi inapoanza kumuuliza. Cha 49 kinaomba wazee walindwe kwa namna ya pekee. Wanaomufunga mzee juu ya saruji wanakisoma?

Mimi niko na diplome ya sheria, kazi sina, kwa hiyo muda iko. Mzee akishikwa, andika saa aliyoingia na jina la OPJ, kisha tuite. Usitoe hata franka moja bila risiti. Na Baro ya Maniema, tunaomba avoka wa bure wafike huku, wasiishie Kindu.