Taka Mbichi Hazitatuwashia Taa

Kila jaa linapofurika katika miji yetu husikika kauli ileile: tujenge mtambo, tuchome taka, tupate umeme. Nia ni njema, na hatari ni ya kweli. Machi 2017 jaa la Koshe, Addis Ababa, liliporomoka likaua watu zaidi ya 110. Agosti 2024 msiba wa namna hiyo ukaifika Kiteezi, Kampala. Hakuna mwenye huruma atakayesema tukae kimya.

Waethiopia hawakukaa kimya. Mwaka 2018 walizindua pale pale Koshe mtambo wa Reppie, uliogharimu takriban dola milioni 120, uchome hadi tani 1,400 za taka kwa siku. Nawapongeza kwa kuthubutu. Lakini mashine zake zote zina uwezo wa megawati 50, na Bwawa la umeme la Julius Nyerere, hapa Tanzania, lina megawati 2,115. Kazi kubwa ya mtambo wa aina hii ni kuondoa taka. Umeme ni nyongeza tu. Anayewaahidi wananchi kwamba taka zitamaliza mgawo wa umeme anawapotosha.

Tena taka zetu ni mbichi. Nenda soko la ndizi la Mabibo, Dar es Salaam, mvua ikishanyesha: mabua ya mikungu, majani ya migomba na ndizi zilizooza vimerundikana, na lori likiondoka linachuruzisha maji meusi barabara nzima. Wataalamu wanataka kila kilo ya taka itoe wastani wa megajuli 7 za joto. Zikishuka chini ya 6, taka haziwaki bila kuongezewa mafuta. Aliyepikia kuni mbichi haelezwi zaidi. Plastiki na maboksi, ambavyo ndivyo vinavyowaka, waokota taka wamekwisha kuviuza viwandani. Hiyo ni riziki yao halali, wala asitokee mtu wa kuwanyang'anya kwa kisingizio cha umeme.

Na fedha? Mitambo ya Ulaya huishi zaidi kwa ada inayolipwa kwa kila tani inayopokelewa kuliko kwa kuuza umeme. Kwetu kuna nyumba ambazo hata ada ya mzoa taka huzishinda. Pengo hilo litazibwa na nani, kama si mlipa kodi?

Tuanze basi na lililo ndani ya uwezo wetu. Taka za sokoni zitenganishwe palepale zinapozaliwa, ziende kwenye mboji, kama ilivyoanzishwa Mabwepande, Dar es Salaam, au kwenye bayogesi, ambayo hustawi kwa unyevu ule ule unaolizimisha tanuri.

Nanyi madiwani, mkiletewa mkataba wa tanuri, msisaini kabla ya kupima taka zenu wakati wa masika, si kiangazi peke yake, na kuwatangazia wananchi hadharani ada ya kila tani na nani atakayeilipa.